Kutoka hati ya huru hadi kipande: Machakos na maneno ya utumwa

Muulize mtu wa Iveti au wa vilima vya Mua anakwenda soko gani, atakwambia anakwenda Masaku. Machakos ni jina la ramani, la barua za serikali na la vibao vya matatu. Masaku wa Munyati alikuwa mwaguzi mashuhuri wa karne ya 19, na misafara iliyopanda bara kutoka Mombasa ilipaita mahali pake kwa desturi ya Waswahili ya kumtaja mwenyeji: Kwa Masaku. Ndivyo ilivyosemwa pia Kwa Mumia kule magharibi. Kisha akaja Mwingereza, ambaye lugha yake huonyesha umilikaji kwa kubandika herufi s mwishoni mwa jina. Mumia akawa Mumias hadi leo. Masaku naye, baada ya kupita kwenye masikio yasiyozoea Kikamba na kalamu zenye haraka, akawa Machakos.

Katika jina hilo moja basi mna njia mbili, njia ya msafara na njia ya mkoloni. Vitabu vyetu vya shule hupenda kuzitenga. Kuna sura ya biashara ya watumwa, yenye Mwarabu, mnyororo na soko la Unguja. Halafu inafuata sura ya ukoloni, yenye reli, kodi na mlowezi. Katikati ya sura hizo husimama Mwingereza mwenye ufunguo mkononi, anamfungua mtumwa pingu. Mwanafunzi anaikariri picha hiyo, anaiandika kwenye mtihani, anapata alama zake, yamekwisha.

Picha hiyo si ya uongo mtupu. Lakini ukiisimulia historia hii ukiwa umesimama Machakos, sura hizo mbili hazitengani hata kidogo. Kukomesha biashara ya watumwa ndiko kulikokuwa hoja ya kuingilia nchi, na walioingia na hoja hiyo hawakukawia kubuni namna yao ya kumtumikisha mtu asiyetaka. Kiswahili kilikuwepo wakati wote huo, kikiwa lugha ya msafara na baadaye lugha ya boma, na kikayaweka mambo hayo katika maneno tunayoyatamka kila siku bila kusikia yanasema nini.

Tuanze na jambo ambalo husahaulika. Wakamba hawakuingia katika historia hii wakiwa wamefungwa minyororo. Waliingia wakiwa wafanyabiashara. Tangu mwishoni mwa karne ya 18 hadi katikati ya karne ya 19, biashara kubwa ya pembe za ndovu kati ya Mombasa na bara ilikuwa mikononi mwao. Waliwinda wenyewe, walinunua kwa majirani, walipanga misafara yao na kuteremka pwani kwa silaha na kwa idadi, wakarudi na nguo, shanga, chumvi na waya za shaba. Njaa kubwa ya miaka ya 1830 iliwasukuma baadhi yao kuhamia karibu na Rabai, na makazi hayo ya nyuma ya Mombasa yakawa kama vituo vya ndugu njiani.

Mtu anayetajwa sana katika habari hizo ni Kivoi wa Mwendwa wa Kitui. Johann Ludwig Krapf, yule mmisionari Mjerumani wa Rabai, alifika kwake mwaka wa 1849, na Desemba 3 mwaka huo akauona mlima mweupe kutoka nchi ya Wakamba. Jina aliloliandika, ambalo leo ni jina la nchi yetu, alilipokea kwa matamshi ya Kikamba. Mwaka wa 1851 alirudi, safari hiyo ikaishia pabaya. Msafara ulishambuliwa karibu na Mto Tana, Kivoi akauawa, Krapf akanusurika kwa shida na kurudi Rabai akiwa hoi. Mwaka wa 1850 Krapf huyo huyo alikuwa amechapisha msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki, Kiswahili na Kikamba zikiwa miongoni mwake. Kwa hiyo Kikamba si lugha iliyochelewa kuandikwa, kinyume na dhana ya wengi.

Baada ya Kivoi mambo yalibadilika. Wafanyabiashara wa pwani, Waswahili na Waarabu, walianza kupanda bara wenyewe badala ya kungoja pembe ziletwe, na kufikia miaka ya 1860 na 1870 njia ilikuwa yao. Walileta bunduki, na walileta pia namna yao ya kuwapanga watu kwa maneno. Mtu wa pwani aliyezaliwa huru alijiita muungwana. Hata mpagazi aliyekuwa mtumwa, akishatoka mji wake na kuingia msafarani, alipenda kuitwa muungwana mbele ya watu wa bara. (Kiswahili cha mashariki ya Kongo kiliitwa Kingwana kwa sababu hiyo, walikisikia kwanza vinywani mwa watu wa misafara.) Aliyekuwa bara, asiyejua Kiswahili wala Uislamu, aliitwa mshenzi. Leo Mkamba akikasirika barabarani humwita mwenzake mshenzi bila kukumbuka kwamba neno hilo lilimhusu babu wa babu yake kwa sababu tu ya mahali alipozaliwa.

Na mtumwa? Hapo Kiswahili kina hazina ya kutisha. Mwanamume ni mtwana, mwanamke ni mjakazi. Aliyezaliwa nyumbani mwa bwana wake ni mzalia. Aliyetekwa vitani ni mateka. Mjakazi aliyewekwa nyumba na bwana ni suria. Lugha haipati maneno mengi hivyo kwa jambo ambalo watu wake hawalifanyi. Neno kuu lenyewe, mtumwa, linatokana na tuma katika kauli ya kutendwa, yaani yule anayetumwa. Kutoka mzizi huo huo tumepata mtume, ambaye naye ametumwa, ila aliyemtuma ni Mungu, na tumepata mtumishi na tume. Ukisoma tangazo la Tume ya Utumishi wa Umma gazetini, unasoma kitenzi tuma mara mbili katika jina moja la ofisi.

Sasa ni vizuri kusema wazi jambo ambalo Wakamba wenyewe hawapendi lisemwe mbele ya wageni. Ukambani kulikuwa na watu wasio huru kabla ya msafara wa kwanza wa pwani kufika. Kikamba kinalo neno lake, ngombo. Wengi walikuwa wanawake na watoto waliotekwa katika mapigano na majirani, na baada ya muda walimezwa na ukoo uliowachukua. Mwanamke aliolewa, mtoto wake akawa mtoto wa mji huo. Kulikuwa pia na rehani. Njaa ilipobana, na Ukambani njaa hupewa majina kama watu, baba aliweza kumpeleka binti kwa familia yenye chakula upande wa pili wa milima na kupokea nafaka au mbuzi, kwa makubaliano kwamba mvua ikinyesha atarudi kumkomboa. Komboa ndilo neno la Kiswahili la kitendo hicho hasa: kukitoa kitu kilichowekwa rehani, au kumtoa mtu utekwani kwa kulipa. Ukombozi wa leo, huu wa siasa na wa mahubiri, ulianzia katika malipo ya namna hiyo.

Utaratibu huo ulikuwa mgumu, lakini ulikuwa na mlango wa kurudia nyumbani. Msafara wa pwani ndio uliouziba mlango huo. Mwaka wa 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar, akibanwa na manowari za Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini na kufunga masoko yao. Mashamba ya mikarafuu ya Pemba na ya nafaka ya Malindi bado yalitaka mikono, kwa hiyo watu walipitishwa nchi kavu, na amri ya 1876 ya kukataza misafara hiyo ya nchi kavu haikufika mbali na ufuo. Bara, katika njaa na maradhi ya miaka ya 1880 na 1890, mwanamke aliyewekwa rehani aliweza kujikuta ameuzwa tena kwa mtu wa tatu, na huyo wa tatu akamuuza kwa msafara. Baba aliyerudi na mbuzi wake baada ya mvua hakumkuta wa kumkomboa. Walionunua walikuwa watu wa pwani. Waliouza mara nyingi walikuwa watu wa hapa hapa. Simulizi inayomweka Mwarabu peke yake mahakamani huwaachilia wengi.

Katika hali hiyo ndipo Kampuni ilipoingia. Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilipata hati yake ya kifalme mwaka wa 1888, na William Mackinnon na wenzake hawakuchoka kutaja utumwa kila walipotafuta kibali au fedha. Januari 1, 1889 wakala wao Mombasa, George Mackenzie, alifanya tendo ambalo lilisifiwa sana Uingereza. Katika Rabai na vituo vingine vya wamisionari kulikuwa na watumwa waliotoroka mabwana zao, na mabwana walikuwa wakitishia kuvishambulia vituo hivyo. Mackenzie aliwalipa mabwana fidia, na watu zaidi ya 1,400 wakapewa hati za huru. Hati, yaani karatasi. Naomba msomaji aikumbuke karatasi hiyo, maana tutakutana na nyingine.

Mwaka huo huo wa 1889 Kampuni ilianzisha kituo Kwa Masaku, mahali pazuri pa kununua chakula kabla ya kuingia nchi ya Wamaasai na kuendelea Uganda. Lugard alipitia huko mwaka wa 1890. Mwaka huo wa 1890 mataifa makubwa yalitia sahihi mkataba wa Brussels wa kupambana na biashara ya watumwa, na humo ziliorodheshwa njia bora za kuipiga vita: vituo vyenye ulinzi ndani ya nchi, barabara, na hasa reli, ili mizigo isibebwe tena vichwani mwa watu. Ukiisoma orodha hiyo leo utadhani ni mpango wa kuitawala Kenya. Ilikuwa vyote viwili. Sioni sababu ya kudai kwamba waliotia sahihi walikuwa wanafiki wote. Wengi waliamini kabisa kwamba ngome na uhuru ni kitu kimoja.

Waliokuwa wakiibeba mizigo ya Kampuni hadi Machakos hawakuwa na nafasi ya kuamini hivyo. Wapagazi wengi wa misafara ya Wazungu walikuwa watumwa wa watu wa Zanzibar na Mombasa, waliokodishwa au kuruhusiwa kwenda, na waliporudi sehemu ya ujira wao ilikwenda kwa bwana. Kwa hiyo bendera ya kukomesha utumwa ilifika Machakos juu ya kichwa cha mtumwa.

Mlingoti wa bendera hiyo nao una kisa chake, ambacho wengi tulikisoma shuleni. Mwaka wa 1891 watu wa Kampuni waliukata mti wa ithembo, mahali patakatifu pa kutambikia, ili wapate nguzo ya kupandishia bendera. Mwaguzi mmoja mwanamke, Syonguu, aliongoza watu wa Iveti kuigomea ngome. Hakuna kuuza chakula, hakuna kutia mguu pale. Kwa kituo kilichoishi kwa kununua mtama na maharagwe ya majirani, mgomo huo uliuma.

Mwaka wa 1892 alifika msimamizi mpya, John Ainsworth, mfanyakazi wa Kampuni tangu 1889. Kijana huyu ndiye nitakayemfuata katika sehemu iliyobaki, maana maisha yake ya kazi yanaeleza mengi kuliko kitabu cha nadharia. Hakuwa mkatili wa kupigiwa mfano. Alijua Kiswahili, alipenda kupanda miti, na walowezi walimlalamikia mara kwa mara kwamba anawapendelea Waafrika. Kampuni ilipofilisika na serikali ya Uingereza kutangaza himaya yake mwaka wa 1895, Ainsworth alibaki kuwa mkuu wa Mkoa wa Ukamba, makao yakiwa Machakos hadi yalipohamishiwa Nairobi mwaka wa 1899.

Kipindi hicho ndicho cha Ngomanisye, njaa ya 1898 na 1899 ambayo wazee waliitumia kuhesabia miaka ya watu. Tauni ya ng'ombe ilikuwa imepita mwanzoni mwa muongo, nzige wakaja, mvua ikakataa, ndui ikafuata watu waliokuwa wakizurura kutafuta chakula. Kambi za reli zilikuwa zinapita nyanda za Athi wakati huo huo zikinunua chakula kilichobaki. Reli ilifika Nairobi mwezi wa Mei 1899, ikaupita mji wa Machakos kwa mbali. Treni ileile iliyoelezwa Bungeni London kuwa silaha dhidi ya watumwa ilileta mchele wa msaada kutoka pwani, na kwa wengi uliwafikia wakiwa wamekwisha kuweka rehani kila walichokuwa nacho, wana na mabinti wakiwemo. Wako watu katika Gikuyu leo ambao bibi wa bibi yao alikuwa Mkamba wa mwaka ule.

Hapa kuna miaka mitatu ambayo ningependa kila mwalimu wa historia aiandike ubaoni kwa mfuatano. Himaya ilitangazwa 1895. Kodi ya nyumba ilianza 1901. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka wa 1907. Itazame vizuri. Dola iliyokuja kukomesha utumwa ilitawala miaka 12 huku mahakama za Mombasa zikiutambua, na ilimtoza Mkamba kodi ya kibanda chake miaka sita kabla ya kuondoa utumwa kwenye vitabu vya sheria. Sababu zilizotolewa zilikuwa mkataba na Sultani na hofu ya kuharibu mashamba ya pwani. Ilipofika 1907, aliyelipwa fidia alikuwa bwana.

Kodi hiyo haikuwa ya mapato tu. Ililazimu ilipwe kwa fedha, na fedha zilikuwa kwa mlowezi. Vilima vya Mua na nyanda za Kapiti na Athi, malisho ya Wakamba na Wamaasai, zilikuwa zimeanza kugawiwa wageni, na wageni hao walitaka vijana wa kazi. Machifu waliowekwa na serikali walipewa uwezo wa kuwaita watu kwenye kazi za barabara na mabwawa bila malipo, na sheria ya 1912 ikaupa uwezo huo nguvu zaidi. Watu hawakunyamaza. Mwaka wa 1911 vuguvugu la ngoma na pepo lilienea Machakos, watu wakaacha kazi na kudharau amri. Viongozi wake, Siotune wa Kathuke na Kiamba wa Mutuavio, walikamatwa na kuhamishiwa Kismayu. Hilo nalo tulikumbuke: waliosumbua Machakos walipelekwa pwani.

Turudi kwenye karatasi. Neno kibarua, ki- na barua, kwanza lilikuwa cheti kidogo cha mtu wa kazi ya kutwa, cha kuonyesha amefanya kazi na anastahili malipo. Katika miji ya pwani wengi wa watu hao walikuwa watumwa waliokwenda kujitafutia ujira wa mchana kisha wakamgawia bwana. Baadaye neno likahama kutoka cheti hadi kazi yenyewe, kisha kutoka kazi hadi mtu. Leo kibarua ni mtu. Akifukuzwa kazini tunasema kibarua chake kimeota nyasi, tukacheka.

Kipande ni ndugu yake. Mashambani, kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, siku moja moja ikitiwa alama na msimamizi. Ukiumwa, siku haihesabiwi. Mvua ikiharibu kazi, siku inaweza isihesabiwe pia. Sheria ya 1915 ya kuwaandikisha Waafrika ilikichukua kipande na kukifanya kitu kingine. Ilianza kutekelezwa baada ya vita, kati ya 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na kuendelea alipaswa kubeba karatasi yenye jina lake, alama za vidole vyake, majina ya waajiri wake na mshahara aliolipwa, ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inizwa shingoni kwa kamba. Mwajiri asipotia sahihi ya kumwachilia, mtu huyo hakuweza kuandikwa kazi kwingine, na akiondoka alihesabiwa mtoro, kosa la jinai. Mkamba alilitamka kivande. Na hadi leo, miaka mingi baada ya uhuru, askari akikusimamisha usiku Nairobi hasemi kitambulisho. Anasema: lete kipande.

Kabla ya vikebe hivyo kulikuwa na vita. Uingereza na Ujerumani zilipigana Afrika Mashariki kuanzia 1914, katika nchi ya mbung'o ambako farasi na ng'ombe walikufa, ikabidi mizigo ibebwe na watu. Hapo mkataba wa Brussels na ahadi yake ya kumwondolea Mwafrika mzigo kichwani ulisahauliwa. Mwaka wa 1917 serikali iliamua kufanya mkusanyo mkubwa wa wapagazi, kwa lazima, wilaya kwa wilaya. Aliyeteuliwa kuusimamia alikuwa John Ainsworth. Machifu walipewa idadi, na wakaifikisha idadi kwa namna yoyote waliyoweza, wengine wakavizia watu usiku majumbani. Hesabu rasmi zenyewe zilikubali wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa katika jeshi hilo la wabeba mizigo, wengi kwa kuhara, malaria na chakula wasichokizoea. Jina la Kiingereza la kikosi hicho lilipita katika midomo ya watu likatoka Kariakoo kule Dar es Salaam na Kariokor hapa Nairobi, sokoni kunakouzwa vyondo na nyama choma.

Vita vilikwisha. Oktoba 1919, katika utawala wa Gavana Edward Northey, ulitoka waraka wa kuwaagiza maafisa na machifu watumie kila ushawishi halali kuwafanya vijana watoke hifadhini wakafanye kazi kwenye mashamba ya walowezi; wanawake na watoto nao wahimizwe pale shamba lilipokuwa karibu. Machifu wasiosaidia wangeripotiwa. Aliyeutoa waraka huo alikuwa Mkuu wa Masuala ya Wenyeji, na mkuu huyo alikuwa Ainsworth. Nadhani aliamini kwamba anaweka mipaka kwenye jambo ambalo bila yeye lingekuwa baya zaidi. Inawezekana ilikuwa kweli. Lakini mtu aliyeingia Machakos akitumikia kampuni ya kupambana na utumwa alimaliza kazi yake Kenya kwa kuweka sahihi hiyo.

Waliolisema jambo hilo kwa sauti walikuwa watu wa kanisa, na mkali kuliko wote alitoka Zanzibar. Frank Weston, askofu wa Kianglikana ambaye kanisa lake kuu la Mkunazini limejengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, alichapisha kijitabu mwaka wa 1920 akiwaita Waafrika wa Kenya watwana wa Uingereza. Hivyo ndivyo ningekitafsiri kichwa chake. Zogo lilikuwa kubwa, na mwaka wa 1921 Winston Churchill, aliyekuwa waziri wa makoloni, aliagiza maafisa wasitumike tena kuwatafutia walowezi vibarua. Kipande chenyewe kilibaki hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

Je, tumwite mtu wa kipande mtumwa? Hapa sikubaliani na wazungumzaji wengi wa majukwaani. Kusema mkoloni aliendeleza utumwa kwa jina jingine ni rahisi na hupigiwa makofi, lakini kunamnyang'anya mtumwa wa kweli historia yake. Mwenye kipande hakuweza kuuzwa Malindi. Hakurithiwa bwana alipokufa. Mtoto wake hakuzaliwa akiwa mali ya mlowezi, na mwezi ulipokwisha aliweza, kwa shida zote, kurudi Mbooni au Kangundo kwa mkewe. Binti aliyeuzwa kwa msafara hakuwa na lolote kati ya hayo. Tofauti hiyo ni ya maisha na mauti na haifai kupakwa rangi moja.

Ila siwezi pia kukubali neno la vitabu vya kiada, ati Waafrika waliajiriwa katika mashamba ya walowezi. Ajira ni mapatano. Palipo na chifu mlangoni, kodi isiyolipika ila kwa fedha za mlowezi na kikebe shingoni, mapatano yako wapi? Kiswahili kinalo neno kamili ambalo tumeliacha liote kutu. Ni shokoa. Kamusi zinalo, na maana yake ni kazi ya kulazimishwa. Mtu hutiwa shokoa. Si mtumwa, na si mwajiriwa. Wapagazi wa 1917 walitiwa shokoa, waliochimba mabwawa ya chifu walitiwa shokoa, na kijana aliyesukumwa shambani na waraka wa 1919 naye vivyo hivyo. Mwandishi wa kitabu cha darasa akilitumia atakuwa ametumia neno moja badala ya aya nzima ya maelezo.

Kuna tukio la mwisho. Baada ya kunyimwa malisho na kubanwa katika hifadhi, Wakamba walibaki na mifugo mingi kwenye ardhi iliyochakaa, na serikali ikaamua dawa ni kuwapunguza ng'ombe kwa lazima. Kiwanda cha nyama cha kampuni ya Liebig kilikuwa kinaanzishwa Athi River na kilihitaji ng'ombe wa bei ya chini. Mwaka wa 1938 ng'ombe walichukuliwa na kupigwa mnada. Mwezi wa Julai, mamia kwa mamia ya Wakamba, wanaume, wanawake na watoto, walitoka Machakos kwenda Nairobi kumwona Gavana Robert Brooke-Popham, wakiongozwa na Muindi Mbingu. Walipiga kambi Kariokor kwa majuma kadhaa, mahali pale palipoitwa kwa jina la kikosi kilichowameza baba zao na kaka zao miaka 20 kabla.

Mauzo ya lazima yalikomeshwa kabla ya mwaka kwisha. Muindi Mbingu, ambaye leo ana barabara yenye jina lake katikati ya Nairobi, alikamatwa na kuhamishiwa Lamu. Alipofikishwa huko, kisiwani walikuwa bado wanaishi wazee ambao hadi 1907 walikuwa mali ya watu kwa mujibu wa sheria.